Laini Moja, Watu Watatu

Benchi la mbele ya duka la Kinyozi lina miguu mitatu na tofali. Anayekaa upande wa tofali akicheka sana anaanguka, kwa hiyo upande ule ameachiwa Fundi Saa, ambaye hacheki ovyo. Katikati hukaa Waziri. Huyu hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa mtunza ghala la mbolea mpaka akastaafu, lakini ukimsikia anavyotoa taarifa, hata mvua ikinyesha utadhani kibali kimetoka kwake. Shangazi, muuza kahawa, hana undugu na mtu yeyote pale, ila ndiye anayewagombeza wote, jina likamkaa. Kinyozi mwenyewe husimama mlangoni na taulo begani, mguu mmoja kazini, mwingine kijiweni. Na pembeni, karibu na ukuta, ipo nafasi ya Dereva. Nafasi hiyo ilikuwa imekaa wazi siku ishirini na sita, na hakuna aliyethubutu kuweka hapo hata kofia.

Alhamisi hiyo, saa kumi jioni, Dereva akatokea.

Alikuja mdogo mdogo, mkono mmoja mfukoni, shati limepigwa pasi kifuani tu, mgongoni limekunjamana. Miaka thelathini aliendesha malori ya masafa marefu, akazoea kutembea kama mtu anayechungulia kioo cha pembeni. Siku hiyo hakuchungulia popote. Alikaa, akatazama vidole vya miguu yake.

Wote walikuwa kwenye mazishi ya mke wa Dereva. Waziri na Kinyozi walibeba jeneza, Fundi Saa alishika koleo mpaka kiuno kikakaza, Shangazi alipika siku tatu mfululizo kwenye ua wa marehemu. Kazi zote za mikono walizimaliza. Iliyobaki ilikuwa kazi ya mdomo, na hiyo hakuna aliyejua aianzie wapi.

— Nyumbani hawajambo? Kinyozi akauliza.

— Hawajambo.

— Binti?

— Yupo.

Shangazi akammiminia kikombe bila kuuliza, akakiweka mkononi mwake kama anavyowekewa mgonjwa. Kimya kikakaa. Pikipiki ikapita. Ikapita na nyingine. Dereva akaona jinsi Waziri anavyohangaika, anakohoa kidogo, anafuta goti ambalo halina vumbi. Akamhurumia. Akasema neno la kwanza lililomjia, ili tu amwokoe:

— Intaneti ndiyo haipo. Tangu Jumapili.

Lo! Utadhani amerusha mfupa uani. Benchi zima likaamka.

— Tangu Jumapili! Waziri akasema, mgongo ukanyooka. Siku nne nzima! Na mko watu wangapi mnaoitumia?

— Tulikuwa watatu, Dereva akajibu.

Neno hilo likataka kurudisha kile kimya, lakini Kinyozi akaliwahi.

— Hao ni panya. Mimi nakwambia ni panya. Waya ule wanaupenda, una utamu fulani. Hapa dukani walinitafunia waya wa mashine ya kunyolea nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Nusu kimenyolewa, nusu bado. Mteja akaondoka hivyo hivyo, anaenda kutoa mahari.

— Panya wa siku nne? Shangazi akamkata. Panya angekuwa ameshapigwa na umeme, ameshanuka. Wewe Dereva, jirani yako yule wa geti la bluu, umemwangalia? Ana watoto sita, wote wanaangalia filamu, na sijawahi kuona waya ukiingia kwake. Ananyonya kupitia ukutani yule.

— Intaneti hainyonywi, Shangazi.

— Kila kitu kinanyonywa, Kinyozi. Wewe ulizaliwa na meno?

Fundi Saa akacheka kidogo, akashika tofali kwa mkono.

— Sikilizeni, Waziri akasema, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo kwake ni dalili kwamba uongo mkubwa unakuja. Kosa ni kugawana. Laini moja, kompyuta tatu. Intaneti ni kama maji ya tangi. Huyu anafungua bomba, yule anafungua, mwingine anafungua; mwisho wa mwezi tangi kavu. Kampuni haiwezi kukwambia, maana ikikwambia utadai tangi kubwa.

— Sasa hii ni tarehe ngapi? Kinyozi akauliza.

— Ya kumi na mbili.

— Mwisho wa mwezi umefikaje?

— Umefika kwao. Hizi kompyuta zinatoka nchi za mbali, Kinyozi, kalenda zao si hizi zetu.

Dereva akanywa funda. Kahawa ilikuwa ya moto, akaisikia ikishuka mpaka tumboni. Mkono ule wa mfukoni ulikuwa umeshika ufunguo, meno yake yamemuingia kiganjani. Ulikuwa ufunguo wa chumba kidogo kilichopakana na jiko. Tangu Jumapili haujatoka mfukoni mwake ila wakati wa kuoga, na hata hapo aliuning'iniza msumarini pale anapouona.

Maana Dereva alijua fika intaneti ilikokwenda. Katika benchi zima ni yeye peke yake aliyejua.

Miaka miwili nyuma mke wake aliileta laini ile nyumbani. Mtaa mzima ulimwita Bi Chapa, kwa kuwa alikuwa akichapa: barua za kuomba kazi, risala za wanaostaafu, mikataba ya wapangaji, na hata barua za mapenzi za watu wasioweza tahajia. Watu wa kampuni walikuja, wakatoboa ukuta, wakachomeka waya kwenye kompyuta yake, wakasema laini ni moja na kompyuta ni moja, kwaheri. Binti alinuna wiki nzima, kwa sababu naye alikuwa anatafuta kazi ya kuhudumia wateja kwa simu akiwa nyumbani. Na Dereva alikuwa na kompyuta kuukuu sebuleni, ambayo hakuitumia ila kuangalia mpira.

Bi Chapa hakusema kitu. Alisoma. Siku tatu alisoma karatasi alizojichapia mwenyewe, miwani imeshuka puani. Siku ya nne akafunga kitambaa kichwani, akaomba keekee ya kutobolea ukuta kwa seremala, akapanda kiti.

— Nishikie kiti, alimwambia mumewe.

— Utaniangushia nyumba, mwanamke.

— Nyumba ni yangu. Shika kiti.

Akatoboa. Akavuta waya kutoka kompyuta yake kwenda kwenye kisanduku kidogo cha kugawia, na kutoka hapo mmoja chumbani kwa binti, mwingine sebuleni, akiupitisha juu ya fremu za milango na kuubana kwa vibanio vidogo vyeupe, kimoja kila shibiri. Jioni, zile kompyuta mbili nyingine zilipofunguka, binti alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Bi Chapa akajifuta vumbi la ukuta, akamwelekeza mumewe taratibu, kama anavyoelekezwa abiria anayeshuka mbele:

— Laini ni moja, sisi watatu. Hii yangu inaipokea, halafu inawagawia. Kwa hiyo hii isizimwe. Ikilala hii, na nyie mmelala.

Haikuzimwa. Usiku alizima kioo tu. Mara chache umeme ulipokatika, yeye ndiye aliyeingia kuiwasha tena, hata kama alikuwa na mikono ya unga.

Asubuhi ya mwisho umeme ulikuwa umekatika alfajiri ukarudi. Bi Chapa akaingia, akabonyeza kitufe, akakaa kusubiri mashine iamke. Dereva alimkuta bado amekaa, mkono kifuani, jasho linamtoka kwenye chumba cha baridi. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la jirani. Siku ya tatu hospitali ikamrudishia nguo za mkewe kwenye mfuko.

Na ile mashine ikabaki imewaka. Watu walikuja, wakalia, wakalala kwenye mikeka, wakaondoka, nayo inanguruma polepole kule chumbani. Binti akarudi kazini kwake, yaani chumbani kwake, laini ikiwa haina tatizo lolote. Shemeji mmoja alitaka kuizima, eti si heshima. Dereva alimtoa chumbani kwa mkono. Kila asubuhi aliingia, akakaa kwenye kiti kile, akaweka kiganja juu ya lile sanduku, akalikuta la vuguvugu. Hakuwaza jambo kubwa. Aliwaza tu kwamba kidole cha mwisho kugusa kile kitufe ni cha mkewe, na alichokiwasha yeye bado kinawaka.

Jumapili, saa sita mchana, umeme ukakatika. Ukarudi baada ya robo saa. Friji ikatetemeka ikaanza, taa ya varanda ikawaka, redio ya jirani ikaendelea na wimbo. Kile chumba kikabaki kimya.

Dereva akafunga mlango kwa ufunguo. Binti alipotoka na kuuliza, akamwambia:

— Ni kampuni. Wana matengenezo.

Na tangu siku hiyo binti alikuwa anabeba kompyuta yake kila asubuhi kwenda kwenye duka la kukodisha mtandao huko barabarani. Alihudumia wateja huku nyuma yake watoto wanapigana risasi kwenye michezo yao. Msimamizi wake alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Kama hatapata mahali patulivu, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Binti alimwambia baba yake jambo hilo jana wakati wa kula, bila kuinua macho kwenye sahani. Baba akasema kampuni watamaliza tu.

— Mimi naona ni saa, Fundi Saa akasema.

Wote wakamgeukia. Fundi Saa akizungumza ni kama benchi lenyewe limezungumza.

— Kompyuta zina saa ndani. Nimezifungua, nimeziona, zina betri ndogo kama hii ya saa ya mkononi. Hii ikisema saa tatu, ile ikasema saa tatu na dakika moja, hazielewani. Hazitagawana kitu. Ni kama watu wawili waliopanga kukutana.

— Hapo umenena, Kinyozi akasema.

— Hajanena kitu, Waziri akapinga. Nilikuwa nawaficha, lakini sasa nasema. Waya wa intaneti unapita chini ya bahari. Chini kabisa, huko kwenye giza. Kuna samaki mkubwa, jina lake limekatazwa kuandikwa, anautafuna. Serikali zote zinajua. Akiutafuna pale, hapa Dereva anakosa.

— Mbona mimi nina intaneti kwenye simu? Kinyozi akauliza.

— Yako hajaifikia. Anafuata alfabeti.

Shangazi akaweka birika chini, akashika kiuno.

— Waziri, wewe mkeo anakuvumiliaje?

Na mara tu neno hilo lilipomtoka, akalijutia. Wote wakalisikia. Waziri akainamisha kichwa. Kinyozi akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa. Dereva ndipo alipoelewa kwamba panya, na jirani, na tangi, na samaki, vyote vilikuwa namna yao ya kumwambia pole. Waliogopa kunyamaza, wakajaza mahali pale kwa chochote kilichokuwa karibu. Akataka kuwashukuru. Badala yake akasema:

— Samaki gani anaweza kufuata alfabeti, Waziri? Hata wewe humalizi.

Wakacheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Fundi Saa nusura aanguke.

Katikati ya kicheko kile akasimama mbele yao msichana mmoja, ovaroli la buluu, mkoba wa vifaa begani, ngazi ya kukunja ameiegemeza mguuni.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia.

— Samahani, wazee wangu. Natoka kampuni ya intaneti. Nimepigiwa asubuhi kuna hitilafu mtaa huu. Natafuta nyumba ya Bi Chapa. Laini imeandikishwa kwa jina lake. Nampigia simu haipokelewi. Yupo?

Waziri, mtu wa majibu yote, akaanza tena kufuta goti. Shangazi akageuza uso barabarani. Yule msichana akawatazama mmoja mmoja, akidhani labda amekosea mtaa.

— Ni mke wangu, Dereva akasema. Hayupo. Tulimzika mwezi uliopita.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka. Wengine wote walikuwa wamemsemea: shemeji, jirani, mtu wa cheti cha kifo. Neno lilitoka jepesi, likamshangaza kwa wepesi wake. Halafu uzito ukafuata nyuma.

— Pole sana, baba. Sikujua.

— Ungejuaje.

Msichana akasita, akatazama karatasi yake, akaikunja.

— Nilipima kule kwenye nguzo. Laini ni nzima mpaka ukutani kwenu. Inaonekana inaingia kwenye kompyuta moja, ndiyo inazigawia nyingine. Sasa hiyo kompyuta imewashwa?

Benchi zima likamgeukia Dereva. Kati ya mambo yote waliyoyafikiria, hilo hakuna aliyelifikiria.

— Haijawashwa, Dereva akasema. Ilizimika Jumapili na umeme. Sijaiwasha. Nimefunga mlango, ufunguo ninao hapa.

Akautoa, akauweka juu ya goti wauone.

— Yeye ndiye aliyeiwasha siku ile. Ikawa inawaka tu. Nikasema… Nikasema basi, hiyo bado ni yake. Sasa nikiiwasha mimi…

Kinyozi akaja, akakaa chini, kwenye vumbi, miguuni pake, na ile suruali yake nyeupe.

— Na binti? akauliza taratibu.

— Binti kazi yake inaisha kesho. Nimemdanganya siku nne.

Shangazi hakumgombeza. Alichukua kikombe kutoka mkononi mwake.

— Nenda, akasema. Nenda na huyu mtoto. Mkimaliza umlete hapa anywe kahawa.

* * *

Binti alikuwa amesharudi, amesimama kwenye ujia, mkoba wa kompyuta bado begani. Alimwona fundi wa kampuni, akamwona baba yake na ufunguo. Hakushangaa.

— Ni mimi niliyewapigia, akasema. Nisamehe, baba.

— Mimi ndiye wa kuomba samahani. Si kampuni. Ni ile ya mama yako, haijawashwa.

— Najua.

— Unajua tangu lini?

— Tangu Jumapili. Ukuta wangu na wake ni mmoja. Nilizoea kuisikia nikilala. Ikanyamaza.

— Mbona hukuniomba ufunguo?

Binti akauma mdomo.

— Ungenipa, baba. Halafu ningelazimika kuiwasha mimi.

Wakasimama hapo wawili, hawatazamani, na fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwishowe Dereva akafungua mlango. Chumba kilikuwa na harufu ya karatasi na ya mafuta ya nywele. Kitambaa cha kufutia kioo kimekunjwa mara nne. Miwani imelala juu ya kibodi, mikono yake imefunguliwa.

Akainama, akaweka kidole kwenye kitufe. Akabonyeza. Mashine haikuwaka.

— Kaza kidogo, baba, fundi akasema. Hivi vya zamani ni vigumu.

Akakaza. Feni ikakoroma, ikapata pumzi, ikaanza. Binti akaweka kiganja ukutani. Dereva alikaa kwenye kiti.

Kioo kikapata mwanga, kikaandika jina la mkewe, na chini yake kisanduku cheupe chenye kistari kinachopepesa.

— Inataka neno la siri, fundi akasema. Mnalijua?

Binti akatikisa kichwa. Alijaribu tarehe yake ya kuzaliwa, ikakataa. Akajaribu ya baba yake, ikakataa. Wakajaribu jina la kijiji alikozaliwa Bi Chapa, kwa herufi kubwa na kwa herufi ndogo. Ikakataa.

— Basi tusiendelee, fundi akasema, inaweza kujifunga. Lakini msijali kwa upande wa intaneti. Kugawa, inagawa hata ikiwa imefungwa hivi. Hebu dada angalia yako.

Binti akakimbia chumbani kwake. Baada ya muda wakasikia mluzi mdogo wa kompyuta, kisha sauti yake:

— Imerudi!

Dereva akaenda akasimama mlangoni. Kwenye kioo cha binti palikuwa na orodha ya kompyuta za nyumba nzima, kila moja na jina ambalo Bi Chapa aliipa. Ya kwanza iliandikwa KARANI. Ya pili, MALKIA. Ya tatu, MZURURAJI.

— Mzururaji ni nani?

— Ni ile ya sebuleni, baba. Ni wewe.

Dereva akacheka. Alicheka kweli, tumbo likatikisika, akashika fremu ya mlango pale waya ulipopita. Kisha kicheko kikageuka bila ya kumpa taarifa, na binti akainuka akamshika, wakasimama hivyo mpaka simu ya kazi ilipoanza kuita kwenye kompyuta. Binti akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akavaa vipokea sauti.

— Habari ya jioni, akasema kwa sauti ya kazini. Nikusaidie nini?

Kwenye ujia, Dereva akamwuliza fundi polepole:

— Humo ndani ya ile yake, kuna njia ya kufungua?

— Ipo. Lakini kwa nguvu, baadhi ya vitu vinaweza kufutika. Mama aliweka nini humo?

— Sijui. Barua za watu. Labda na zake.

— Nifungue?

— Usiguse.

* * *

Alimsindikiza mpaka kijiweni kama Shangazi alivyoagiza. Kinyozi alikuwa amefunga duka mapema. Wakajibana, msichana akapata nafasi katikati ya Waziri na Dereva.

— Imerudi? Waziri akauliza.

— Imerudi.

— Na binti?

— Yuko kazini.

— Nilijua tu, Waziri akasema, lakini hakusema alijua nini.

Shangazi akainamisha birika, likatoa kikombe kimoja na nusu. Kimoja kamili akampa mgeni, nusu akampa Dereva. Fundi Saa akataka kuuliza jambo juu ya ile betri ndogo, akaona si wakati wake. Msichana alikunywa, akawa anafikiri. Alikuwa mtu wa kazi, na jambo ambalo halijafunguka linamkera.

— Baba, akasema, unajua watu wengi hawaweki tarehe wala majina. Huweka kitu wanachokipenda. Kitu chao wenyewe. Mimi nimeona mpaka ya jina la mbwa aliyekufa zamani. Ukikikumbuka hicho, inafunguka yenyewe, na hakipotei kitu.

— Kitu gani, kwa mfano?

— Wewe ndiye unayejua. Mama alipenda nini kuliko vyote?

Aliuliza kwa wema tu, kama anavyouliza namba ya nyumba. Dereva akafungua mdomo ajibu. Miaka thelathini na minne ya ndoa. Alijua kipimo cha kiatu chake. Alijua dawa inayomvimbisha uso, na upande wa kitanda, na kwamba hawezi kulala akisikia bomba likidondosha. Alijua namna anavyokunja kanga na namna anavyokasirika. Kuchapa, alitaka kusema. Lakini kuchapa ilikuwa kazi. Hakuwahi kumsikia akisema anaipenda. Akatafuta zaidi. Akapita safari zote zile, malori yote, simu fupi za njiani ambazo kila mara alikuwa anaanza yeye kueleza barabara ilivyo, na mke anasikiliza.

— Sijui, akasema.

Msichana akaweka kikombe chini.

— Sikuwahi kumuuliza.

Shangazi alitikisa birika kwa mazoea, halikuwa na kitu. Kinyozi alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Waziri akachezesha midomo kama mtu anayehesabu, halafu akainuka, akajikung'uta nyuma.

— Mbona mapema? Shangazi akamwuliza.

— Nakwenda nyumbani, Waziri akasema. Kuna kitu nataka kumuuliza mama watoto.

Wakamtazama akikata kona. Hakuna aliyemtania. Dereva akabaki ukutani na nusu kikombe chake, kahawa imeshapoa, anapitia mwaka baada ya mwaka, anatafuta.